Kamera Iliyosimama Pwani: Kuusoma Mji wa Unguja Katika Picha za Kale

Ukizipanga mezani picha za zamani za mji wa Unguja, zile za tangu miaka ya 1870 mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia, kinachoshika jicho kabla ya majumba ni mahali alipokuwa mpiga picha. Mara nyingi yuko majini, juu ya sitaha ya meli au ndani ya mashua. Au yuko mchangani pale Forodhani. Au amepanda juu ya paa la nyumba moja ya Shangani. Mbele yake umejipanga mstari mweupe wa majumba ya chokaa: kasri za masultani, Ngome Kongwe, nyumba za mabalozi na za makampuni, bendera zikipepea. Huo ndio mji kama alivyouona abiria wa meli saa ya kutia nanga, na abiria huyo ndiye aliyekuwa mteja. Hoja yangu ni kwamba picha ya kale ya mji huu ilikuwa bidhaa kabla haijawa ushahidi, na haiwezi kutufaa kama ushahidi mpaka kwanza tuisome kama bidhaa. Tuulize nani aliinunua, mpiga picha alisimama wapi, na mgongo wake aliwapa akina nani. Tukiuliza hivyo picha hizi hutoa habari nyingi kuliko tunavyozidhania, na baadhi ya habari hizo ni kinyume cha kile zilichotengenezwa kuonyesha.

Tuanze na mitambo, maana mitambo nayo ina upendeleo wake. Miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za mji huu ni zile alizopiga James Augustus Grant mwaka 1860, alipokuwa akijiandaa kwenda bara pamoja na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Mto Nile. Mojawapo ni ya soko la watumwa. Kupiga picha wakati ule kulifanana na kazi ya jikoni. Kioo kilipakwa dawa, kikatiwa ndani ya kamera kingali kibichi, kikapewa mwanga kwa sekunde kadhaa, kisha kikasafishwa palepale kabla dawa haijakauka, na huko safarini mambo hayo yalifanyika ndani ya kihema kilichofungwa kisipenye mwanga. Msafara haukufika mbali Speke akairudisha kamera Unguja, kwa kuona kwamba joto la kihema kile lingemuua mwenzake. Grant akaendelea kwa penseli na rangi. Hata mjini, penye kivuli na maji ya kutosha, zile sekunde kadhaa zilikuwa na athari yake. Chochote kilichosogea kioo kikiwa wazi kiligeuka ukungu au kilitoweka kabisa. Jumba lilitulia, kwa hiyo limebaki. Mwenye jumba aliyeambiwa asimame barazani naye amebaki. Hamali aliyepita na gunia la karafuu, mchuuzi wa samaki, mtoto aliyekimbia, wote wamekwenda na upepo. Leo watu wakizitazama picha hizo husema mji wa zamani ulikuwa mtulivu, hauna msongamano. Wageni wa zama hizo walioandika habari za mji wanasimulia mambo mengine: makelele, harufu, na kusukumana vichochoroni. Utulivu tunaouona ni wa kioo.

Kuanzia robo ya mwisho ya karne ya 19 kazi hii ilishikwa mjini na Wagoa, Wakristo waliotoka katika koloni la Wareno huko India. A. C. Gomes, ndugu wa Coutinho, Pereira de Lord: majina haya yamepigwa muhuri nyuma ya makadi na pembeni mwa picha nyingi zilizosalia. Walikuwa wafanyabiashara hodari, na wateja wao walijulikana. Kulikuwa na kasri, iliyotaka picha za masultani za kuwapa wageni. Kulikuwa na balozi, na baadaye serikali ya Kiingereza, iliyotaka kumbukumbu za majengo na sherehe. Na kulikuwa na abiria. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kuanzia 1872 meli za barua za kampuni ya British India zikawa zinatia nanga Unguja kwa ratiba. Kila meli ilishusha watu wenye saa chache za kutembea na fedha kidogo ya kununua ukumbusho. Mwanzoni mwa karne ya 20 zikaja postikadi, ndogo na rahisi, na biashara ikapanuka zaidi. Nyingi za rangi zilichapwa Ujerumani na mafundi ambao hawajapata kuiona Unguja, nao wakatia anga buluu na nguo nyekundu kwa kadiri walivyoona inapendeza. Anayetaka kujua rangi ya kanga ya mwaka 1905 asimwulize mchapaji wa Ujerumani. Usione vyaelea, vimeundwa, na picha ya bandari yenye majahazi nayo imeundwa vilevile: saa imechaguliwa, upande umechaguliwa, na kilichoachwa nje kimeachwa kwa makusudi au kwa mazoea.

Hata saa ya siku ina maana yake. Uso wa mji huu unatazama magharibi, baharini. Asubuhi jua liko nyuma ya majumba na mbele yake kuna kivuli. Anayetaka kuta nyeupe zing'ae inambidi asubiri alasiri. Kwa hiyo, unapoona Forodhani inameremeta na pwani haina watu wengi, usikimbilie kusema kwamba biashara ilikuwa imelala. Shughuli za kupakua na kuuza samaki ni za mapema. Mpiga picha alikuja jua lilipomfaa yeye, watu wa kazi walipokuwa wamekwishatawanyika.

Hapo ndipo atakapojitokeza msomaji wa kwanza wa kunipinga. Atasema: watu wanaweza kupangwa, lakini jiwe halipangwi, picha ya jumba ni picha ya jumba. Nakubaliana naye zaidi ya nusu, na ningependa kumpa silaha za kutosha. Kwa majengo, picha hizi ni mashahidi wazuri ajabu, na zinaweza hata kutajana umri. Sayyid Barghash alijenga Beit el Ajaib mwaka 1883, na mbele yake ulisimama mnara wa taa, peke yake. Tarehe 27 Agosti 1896, Sayyid Khalid bin Barghash alipokataa kutoka kasrini, meli za kivita za Kiingereza ziliupiga mji mizinga kwa muda usiofika saa moja. Mnara ule uliharibiwa, na katika matengenezo yaliyofuata mnara mpya wenye saa uliunganishwa na uso wa Beit el Ajaib. Kwa hiyo picha yenye mnara uliotengana na jumba ni ya kabla ya siku ile, na yenye mnara uliogandana nalo ni ya baadaye. Siku hiyohiyo ilizamishwa Glasgow, meli ya Sultani, mbele ya kasri. Maji yalikuwa mafupi, milingoti yake ikabaki imechomoza mpaka mabaki yalipoondolewa mwaka 1912. Ongeza minara miwili ya Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, lililokamilika mwishoni mwa miaka ya 1890. Ongeza reli ya gari la moshi la Bububu, lililoanza mwaka 1905 likipita katikati ya mitaa mpaka Bububu, kiasi cha kilomita 11. Ongeza bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa mwaka 1936 kwa ajili ya jubilei ya Sayyid Khalifa. Picha ya pwani isiyo na tarehe, ikiwa ina milingoti ya Glasgow na minara ya kanisa lakini pwani yake haina reli, tunaweza kuiweka kati ya 1898 na 1905 hivi bila kumwuliza mtu.

Lakini hata hapo, jiwe halikusema lote. Fikiria milingoti hiyo. Kwa miaka kumi na sita, kila aliyekwenda Forodhani, awe mnunuzi wa samaki au mgeni wa Sultani, aliona mbele ya kasri meli ya Sultani imezama, na hakuna haja ya sanamu wala tangazo la kumwambia nani sasa ni mwenye amri. Katika picha milingoti ni vijiti vyembamba tu, na mnunuzi wa postikadi angeweza asivione kabisa. Na kwenye picha za kasri iliyobomolewa, ambazo ziliuzwa kama vitu vya ajabu, kifusi kimeonyeshwa vizuri, boriti zimeonyeshwa, hata mizinga iliyopinduka. Upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa watu wapatao 500. Majina yao hayamo katika maandishi chini ya picha hizo. Shahidi wa jiwe anajua ukuta ulianguka. Ulimwangukia nani, hilo hana habari nalo.

Kuna shahidi mwingine ambaye ni wetu wenyewe na ambaye wasomaji wa picha humsahau, nalo ni jina la mahali. Forodhani leo ni bustani na vibanda vya vyakula vya jioni, lakini jina limeshika kwamba hapo palikuwa na forodha, na picha za kabla ya bandari kuhamia Malindi zinatuonyesha mabanda yake na mizigo. Darajani hakuna daraja. Hapo zamani palikuwa na mkono wa bahari uliojaa maji yakijaa na kubaki tope yakipwa, ukiutenga mji wa mawe na upande wa pili. Ulifukiwa kwa hatua katika karne ya 20, na kazi ikakamilika katika miaka ya 1950. Weka picha ya mkono huo wa bahari, majahazi yakiwa ndani yake, karibu na barabara ya leo yenye maduka na daladala, na jina Darajani litakueleza kilichofanyika. Mkunazini, Mchangani, Michenzani, Gulioni: kila jina ni maelezo ya picha ambayo hayakuandikwa na mwuzaji wa postikadi. Hata hivyo jina nalo si la kuaminiwa hivihivi. Wengi husimulia kwamba Bububu imeitwa hivyo kwa mlio wa gari la moshi. Ni hadithi tamu, na picha ya treni inaitia chumvi. Lakini Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliitaja Bububu, alikopata kuishi, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, karibu miaka ishirini kabla ya treni hiyo kupiga honi.

Sasa tugeukie kule ambako mpiga picha alielekeza mgongo wake. Ng'ambo, mitaa iliyo upande wa pili wa ule mkono wa bahari, maana yake ni upande wa pili, na jina lenyewe linatufanya tuulize ni upande wa pili wa nani. Ramani ya mji iliyopimwa mwaka 1892 na Imam Sharif, mpima ardhi kutoka India, inaonyesha kwamba wakati huo Ng'ambo haikuwa tena vibanda vichache vya pembeni. Ni mji uliosongamana nyumba. Kufikia miaka ya mwanzo ya karne ya 20 wakazi wengi wa Unguja mjini walikuwa huko: waliokuwa watumwa na watoto wao, mahamali, wavuvi, washoni, wapishi, Wangazija, Wamanyema, Washihiri, watu wa kila taifa lililopita bandarini. Walijenga nyumba zao kwa fito na udongo, wakaziezeka makuti, juu ya ardhi ambayo kwa sehemu kubwa haikuwa yao, na mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya viwanja kwa umoja ambao serikali haikuutazamia. Lakini fungua albamu yoyote ya zama hizo: Ng'ambo iko nyuma. Ni mawimbi ya paa za makuti yanayoonekana kwa mbali, nyuma ya picha iliyopigwa kutoka juu ya nyumba ya mawe. Mji uliokuwa mkubwa zaidi umekuwa pazia la mji uliokuwa mdogo.

Nitajibiwa kwamba hapo hakukuwa na cha kupiga, kwamba hakuna mtu angetoa fedha kununua picha ya nyumba ya udongo. Jibu hilo nusu yake ni hoja yangu, na nusu yake si kweli. Nyumba za udongo zilipigwa picha na ziliuzwa. Zimo katika postikadi, chini zimeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni vibanda vya wenyeji. Jumba la mawe lilipewa jina lake na la mwenyewe. Nyumba ya udongo haikupewa mtaa wala mtu. Haikuandikwa Miembeni, Kikwajuni, Kisiwandui wala Kisimamajongoo. Mnunuzi alitaka kibanda cha Afrika, na kibanda chochote kilifaa. Wengine watasema sababu ni dini, kwamba Waislamu walikataa kupigwa picha. Wapo waliokataa, bila shaka, na wanawake wa majumba makubwa hawakutolewa mbele ya mtu baki mwenye kamera. Lakini Sayyid Barghash alipigwa picha alipokwenda London mwaka 1875, na masultani waliomfuata walizigawa picha zao kama zawadi. Studio zilipokuja kuwa za bei nafuu, watu wa Ng'ambo wenyewe walijaa milangoni mwake sikukuu baada ya sikukuu. Dini haitoshi kuwa jibu. Soko linatosha.

Ushahidi wangu mkubwa zaidi juu ya soko hautoki kwenye picha, unatoka kwenye santuri. Siti binti Saad alitoka Fumba akahamia mjini, akaishi Ng'ambo, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodiwa. Santuri zake ziliuzwa pwani yote na bara, na ndani yake zimo habari za mitaa, mahakama, wanaume wadanganyifu na hakimu mwenye upendeleo. Miaka ileile ambayo Ng'ambo haikuwa na uso ndani ya postikadi, ilikuwa na sauti mikahawani kote Afrika Mashariki. Kwa nini? Wageni ndio waliokuwa na mashine zote mbili, kamera na gramafoni. Tofauti ilikuwa kwa mnunuzi. Postikadi ilinunuliwa na abiria asiyejua Kiswahili. Santuri ilinunuliwa na Mswahili. Bidhaa ilimfuata mwenye fedha mkononi, na kwa kumfuata ikageuza uso wake kwake. Hatuna haja ya kudhani kwamba Wagoa wale walikuwa na chuki au kwamba walitumwa na Waingereza kuificha Ng'ambo. Walikuwa na duka.

Hapa mwanahistoria mwangalifu ataniwekea kizuizi, na ana haki. Atasema kusoma kisichokuwamo ni mchezo wa hatari. Kimya kinaweza kujazwa na lolote, na kila mtu akajaza cha moyo wake. Naafiki, na kwa hiyo naweka sharti: kimya cha picha kihesabiwe tu pale ambapo shahidi mwingine amethibitisha kwamba kulikuwa na kitu cha kupiga. Ng'ambo inapita sharti hilo, kwa kuwa tunayo ramani ya 1892, tunazo kumbukumbu za mgomo wa 1928, tunazo santuri. Madai mengine hayapiti. Mtu akiniambia kwamba pwani ya mwaka 1880 ilikuwa na jambo fulani ambalo picha zimelificha, na hana hati, ramani, jina wala simulizi la mzee yeyote, basi anachoniambia ni cha kwake.

Sharti hilohilo linatufaa kwa sura za watu, ambako udanganyifu ni mwingi zaidi. Studio za mjini ziliuza picha za wanawake walioandikwa tu kwamba ni msichana wa Kiswahili au mrembo wa Unguja, bila jina. Nani aliwaleta, walilipwa nini, walikubali au waliamriwa, maandishi hayasemi. Yapasa kukumbuka kwamba hali ya utumwa kisheria ilifutwa Unguja tarehe 6 Aprili 1897, na kufutwa huko hakukufika kwa suria ila baadaye. Mwanamke aliyeketi mbele ya kamera mwaka 1895 yawezekana hakuwa na uwezo wa kukataa. Kwa hiyo jina lililo chini ya picha halifai kitu. Lakini nguo inafaa. Kanga aliyojifunga, namna alivyoifunga, hereni za karatasi zilizokunjwa, nywele zilivyosukwa: studio ingeweza kumwazima kiti na zulia, ila mikunjo ile hakuifundishwa na Mgoa. Tukizipanga picha hizo kwa miaka tunaweza kuona kaniki na marekani, vazi la aliyemilikiwa, vikipungua na kanga ikitanda, na hilo ni jambo ambalo hati za serikali hazikujali kuliandika kwa undani. Picha ya uongo inaweza kuwa na nguo ya kweli.

Na kuna picha ya kweli yenye mahali pa uongo. Ile maarufu ya Sayyida Salme, aliyeketi kwa mavazi na mapambo ya Kizanzibari, imechapishwa na kuning'inizwa mara nyingi kama picha ya maisha ya kasrini. Ilipigwa Hamburg. Alitoroka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, na huko ndiko alikovaa tena nguo za kwao mbele ya kamera. Angebaki Unguja tusingekuwa nayo, kwa sababu binti wa Sultani hakuonyeshwa kwa wateja wa Shangani. Anayeitumia kama dirisha la kasri amekosea nyumba. Anayeitumia kama hati ya uhamisho, ya mwanamke aliyelazimika kuuvaa utaifa wake ugenini ili utambulike, ana ushahidi wa daraja la kwanza mkononi.

Basi mtu aliyechoka na mashaka yote haya anaweza kusema: kama picha ziliuzwa, zilipangwa, zilipakwa rangi na kupewa majina ya uongo, tuzitupe, tubaki na maandishi. Huko ni kukimbia mvua na kuingia kisimani. Maandishi ya zama hizo yaliandikwa na watu walewale kwa wasomaji walewale, na hayana hata hiyo nafasi ya bahati ambayo kamera inayo. Mwandishi huandika alichokitaka. Kamera huchukua na asichokitaka. Pembeni mwa picha ya sherehe kuna mtoto aliyechungulia, dirisha lililovunjika, waya wa umeme, bango, mtu anayetazama kwingine. Na pale jiwe lenyewe linapotoweka picha huwa ndiyo iliyobaki. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit el Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na wafanyakazi wawili wakafa. Siku hiyo zile postikadi za abiria, zenye nguzo na varanda zilizohesabika moja moja, zikawa nyaraka za ujenzi. Ni halali kuzikejeli kwa kuupendelea uso wa mji, lakini uso huo umeanguka, na hao walioupiga picha mara elfu ndio waliotuhifadhia vipimo. Ng'ambo haikupata bahati hiyo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za udongo za Michenzani na mitaa ya jirani zilivunjwa kupisha majumba marefu ya ghorofa, mpango uliosaidiwa na Ujerumani Mashariki. Majumba hayo mapya yamepigwa picha nyingi, kwa kuwa nayo yalikuwa ya kuonyeshwa. Kwa zile nyumba zilizovunjwa hakuna wingi wa postikadi wa kukimbilia.

Lakini kuanzia miaka ya 1930 mteja alikwishaanza kubadilika, na hilo ndilo linalonipa matumaini zaidi ya makavazi yoyote. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na studio za namna yake zikaanza kuishi kwa harusi, sikukuu, watoto waliohitimu, picha za paspoti. Sasa aliyelipa ndiye aliyekuwa ndani ya picha. Matokeo yake yakawa kama hoja yangu inavyotabiri: uso wa mji ukapungua, nyuso za watu zikaongezeka, na nyuma yao, bila mtu kukusudia, mlango wa nyumba, kipande cha mtaa, mkunazi, baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Historia ya Ng'ambo kwa picha imo humo. Ila haimo sana kwenye nyaraka. Mkusanyiko mmoja mkubwa sana wa picha za kale za Afrika Mashariki, wa Winterton, wenye maelfu ya picha za kati ya 1860 na 1960, uko kwenye chuo kikuu cha Northwestern huko Marekani, jirani na Chicago. Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani zina hazina yake, na mtafiti mvumilivu atanufaika nayo. Lakini picha za arusi ya mwaka 1958 ya Mwembetanga haziko Chicago wala Kilimani. Ziko kabatini, ndani ya mkoba wa plastiki, zimeanza kugandana kwa unyevu, na mtu pekee anayejua yule wa tatu kutoka kushoto ni nani amekwisha kuwa mzee.

Kwa hiyo ninaowaomba si wanahistoria. Mwenye picha za namna hiyo nyumbani akae na huyo mzee wiki hii, azitenganishe taratibu, asizikwangue zilizogandana, kisha nyuma ya kila moja aandike kwa penseli laini, maana wino wa kalamu hupenya karatasi: jina la mtu, jina la mtaa, mwaka.